Taxe ya Matabishi mu Soko ya Mawe

Mikono ya Mama Cibalonza ilijulikana kwanza, mbele ya sura yake. Mu Cimpunda, mutaa wetu wa Bukavu, ukiuliza mutu fasi ya kununua bunga ya muhogo, hakukuambia nenda kwa mama fulani mwenye kitambaa cha kijani. Alikuambia, "Nenda kwa ule wa mikono." Na ukifika ku soko yetu, ile soko ndogo ya kando ya barabara tuliyoita Soko ya Mawe, haukuhitaji kuuliza tena.

Ilikuwa mikono ya kushangaza kwa mwanamuke. Vidole virefu, kiganja kipana kama sahani. Alichuma majani ya chai akiwa musichana, kiisha akabeba magunia, kiisha akaosha watoto watano peke yake, sababu bwana yake Philémon alienda kutafuta zahabu upande wa Shabunda, na kila mwaka alituma habari kama yuko karibu kuiona.

Mimi niliuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, pembeni yake, na mutoto wangu Noëlla mu mugongo. Tulikaa bega kwa bega, kwa hiyo mikono yake ilikuwa karibu na macho yangu kuliko uso wake. Nikisema nilimujua mama huyu, ni mikono nilijua kwanza.

Alikuwa na fasi moja tangu miaka kumi na ine, pale pa kuingilia, chini ya kipande cha mabati. Mu soko yote mabati ilikuwa ile moja tu. Mvua ikianguka, na Bukavu mvua haiombi ruhusa, sisi wengine tulifunika mali yetu na magunia tukakimbia. Yeye aliendelea kuuza. Na watu wanaoshuka na njaa yao, mutu wa kwanza wanayemuona ni yeye. Watoto wake watano walikulia ndani ya ile fasi. Martine, mukubwa, alikuwa amefika secondaire sababu ya ile fasi.

Tena alikuwa anauza vizuri. Kopo ya guigoz ni kopo ya maziwa ya watoto wadogo, lakini kwetu njo kipimo cha kila kitu. Sisi wengine tulijua namna ya kuchota upesi ili upepo ubaki ndani; upepo nao tulikuwa tunauuza. Mama Cibalonza alichota, akapiga kopo chini mara mbili bunga ishuke, akaongeza mpaka ikafanya kilima, akamimina mu beseni ya mununuzi. Lakini mununuzi hakuondoa beseni. Kwetu hauondoi. Unaiacha pale, unatazama upande mwingine kama mutu asiyengoja kitu, na muuzaji anatia mukono mu gunia, anakuongezea. Njo matabishi. Ukiondoa beseni mbele ya kupata matabishi, watu watauliza kama mumegombana.

Matabishi ya wengine ilikuwa vidole vitatu. Ya Mama Cibalonza ilikaribia nusu ya kopo. Siku moja nilimuuliza kama haoni hasara.

"Kopo ni biashara," akasema. "Hii ya juu ni salamu. Utauzia mutu bila kumusalimia?"

Mwaka ule ninaozungumuzia, bei ya vitu vyote ilipanda kama vile mutu anaiita kutoka juu ya kilima. Sabuni ilikatwa vipande, na vipande vikakatwa tena, mpaka tukawa tunaosha na harufu yake tu. Chumvi iliuzwa na kijiko ya chai, kiisha na kijiko isiyojaa. Gunia ya muhogo ilitoka Sange na bei moja, ikapanda ile escarpement ya Ngomo, mulima wa hatari, mu lori, ikafika Bukavu na bei ingine. Chauffeur alisema ni mafuta. Mutu wa barrière ya barabara alisema ni ya Taifa. Gunia yenyewe haikusema kitu.

Ku radio walisema ni conjoncture. Sisi hatukumujua, lakini tulianza kumuzungumuzia kama shemeji mubaya: conjoncture amekula sukari, conjoncture alipita kwangu jana, hakuacha hata makaa.

Taxe nazo hazikutaka kubaki nyuma. Kulikuwa jeton ya kila asubui, ili ukae. Kulikuwa taxe ya usafi, na ile takataka nyuma ya soko ilikuwa ndefu kuliko Noëlla, na ilikuwa inakomaa mbio kumupita. Kulikuwa muchango wa sikukuu ya chama. Kulikuwa pia muchango wa sikukuu iliyopita, sababu wa kwanza haukutosha.

Mulipishaji wa taxe alikuwa citoyen Bisimwa, citoyen njo "bwana" ya wakati ule, mutu mwembamba, mwenye abacost moja tu ya kahawia, ile koti ya wakubwa isiyovaliwa na tai, iliyofuliwa mangaribi na kuvaliwa asubui ikiwa bado baridi. Hakuwa mutu mubaya. Alikuwa na haya, na haya yake ilimufanya aongee Kifaransa. Mushahara wake ulikuwa haujatoka tangu miezi ine. Tulijua, sababu mke wake Adélaïde alituambia. Mu karatasi za serikali jina ile ya ubatizo ilikatazwa wakati ule, lakini ku kanisa na ku soko tulimuita vile vile. Kila siku saa kumi, Adélaïde alinunua kopo moja kwa Mama Cibalonza, kopo moja kwa watu munane, na alikuja na beseni kubwa ya kuogesha mutoto. Beseni ile haikuwa ya kopo. Ilikuwa ya matabishi.

Karatasi ilibandikwa siku ya kwanza, ku mulango wa ofisi ya soko. Kwa sababu mimi nilimaliza sixième primaire, wamama walinisukuma mbele nisome. Noëlla alikuwa anavuta nywele yangu, na nikasoma hivi:

"Ofisi imeona kama wauzaji wanatoa kila siku, nje ya kipimo, mali mingi inayoitwa matabishi. Mali hii inatoka bila kulipiwa. Kitu kinachotolewa bure kinatorosha kodi. Kwa hiyo kila muuzaji atapimwa mukono, mukono utawekwa mu catégorie kadiri ya ukubwa wake, na mwenye mukono atalipa kila juma. Asiyelipa siku ya posho, njo ya sita ya juma, kiisha kazi ya Salongo, fasi yake itapewa mutu mwingine."

Wamama walisogea karibu na karatasi.

"Soma tena pale pa bure," akasema Nsimire. Nsimire naye aliuza bunga, kule mbele kidogo, na mudomo wake ulikuwa unafika ku kazi mbele yake.

Nikasoma tena.

"Basi bakuje balipishe na batoto yangu," akasema. "Nao nilibazaa bure."

"Na mikono mbili?" mama mwingine akauliza. "Watapima yote?"

"Moja tu," Nsimire akajibu. "Ile ingine wanaiachia mwaka kesho."

Tulicheka, lakini kicheko cha kuangalia mulango kwanza. Mama Cibalonza hakucheka. Aliitazama mikono yake, upande wa juu na upande wa chini, kama vitu mutu alimuachia kuchunga, kiisha akaificha mu kikwembe alichojifunga.

Kesho yake tukapimwa. Ofisi haikuwa na mètre, kamba ya kupimia, ikaazima ya Edouard, fundi wa cherehani wa ngambo ya barabara. Mètre ile panya ilikula kichwa yake zamani, ikabaki inaanzia ku sept. Edouard akishona suruali anaondoa saba mu kichwa chake, na suruali inatoka vizuri. Citoyen Bisimwa hakuondoa kitu. Alikaa nyuma ya meza, kitabu kipya mbele yake, akasema mutu afungue vidole, na akapima kutoka ncha ya kidole kikubwa mpaka ncha ya kile kidogo.

Nilimusogelea, nikasema pole pole nisisikike na watu, "Papa Bisimwa, mètre inaanzia ku sept."

Akaitazama. Akanitazama. Niliona kama amejua.

"Citoyenne," akasema, "kitu ikishaingia mu kazi ya Taifa, inaanzia pale inaanzia."

Nsimire alifika mbele ya meza na vidole vimejikunja kama vya mutu mwenye baridi.

"Fungua vidole, citoyenne."

"Vimefunguka. Njo mwisho wake."

"Jana nilikuona unachota bunga na mukono muzima."

"Jana nilikuwa kijana."

Akapata vingt et un, makumi mbili na moja, deuxième catégorie, ya pili. Mimi vingt-quatre, deuxième. Kiisha Mama Cibalonza akatoa mukono kutoka mu kikwembe, akauweka juu ya meza, akaufungua. Citoyen Bisimwa alivuta mètre, akarudia, akaandika vingt-neuf, makumi mbili na kenda, na akabaki anatazama ile vingt-neuf kama mutu aliyepata samaki mukubwa kupita mutumbwi.

"Première," akasema. "Ya kwanza."

"Première ni ngapi, Papa?"

Akataja. Ilikuwa bei ya robo ya gunia, kila juma. Nyuma yangu mama mumoja akasema "Yesu," si kwa kushangaa, kwa kumuita kabisa.

Mangaribi ile, Apolline, shemeji ya chef wa soko, alipita kwetu. Alikuwa hana fasi mu soko, alikuwa anauza nyumbani. Akasimama chini ya mabati, akatazama juu.

"Mama Cibalonza, mvua inapitaka hapa?"

"Hapana."

"Na ku kona ile?"

"Nako hapana."

"Sawa," akasema, akaenda.

Mama Cibalonza alimusindikiza na macho mpaka akapinda. "Ameshahama," akaniambia. "Bado vyombo tu."

Tulihesabu pamoja. Juma ile bunga ilikuwa inamuachia kidogo sana juu ya bei ya Sange. Akilipa première, Martine anatoka mu masomo. Asipolipa, anatoka yeye mu fasi, na fasi iliyobaki mu soko ilikuwa kule nyuma, pembeni ya takataka, ambako mununuzi hafiki isipokuwa amepotea. Lakini chini ya karatasi kulikuwa mustari mudogo. Ilisema muuzaji akiacha kutoa matabishi, aje kutia kidole mu kitabu, na hatalipa tena. Juma ya kwanza peke yake italipwa, sababu mukono umeshapimwa.

"Nitatia kidole," akasema. "Niuze sana siku hizi tatu, nilipe juma moja, biashara iishe."

Akaenda siku ya tatu asubui. Kidole chake kikajaza mustari wake na mustari wa mutu wa chini.

Akarudi na kijiti kilichonyooka. Alichota bunga, akapiga kopo chini mara mbili, vile vile, kiisha akapitisha kijiti juu ya kopo, ikawa sawa kama meza. Akamimina. Mununuzi wa kwanza, mama mumoja wa Nyawera aliyekuwa anapanda mpaka kwetu sababu ya ule mukono, hakuondoa beseni. Akatazama upande mwingine. Akangoja.

"Nimemaliza, mama," Mama Cibalonza akasema.

"Haujamaliza."

"Nimemaliza. Ni taxe."

Mama yule akatazama bunga yake mu beseni. "Kopo umeinyoa kama askari mupya," akasema. "Nilipe na nywele?"

Mama Cibalonza akachukua pesa ya kopo. Niliona mukono wake wa kuume unaanza kwenda mu gunia peke yake, na yeye anaurudisha na wa kushoto. Ikawa vile siku muzima. Mwishowe akaukalia.

Watu walienda kwa wengine. Wale wa deuxième na troisième walikuwa hawajatia kidole, waliendelea kutoa vidole vyao vitatu, na siku ile vidole vitatu vilikuwa mingi. Gunia ya Mama Cibalonza haikushuka. Jeton ya kesho yake ililipwa na sambaza yangu, na yeye alikasirika juu ya hiyo kuliko juu ya taxe.

Saa kumi Adélaïde akafika na beseni yake ya mutoto. Alilipa kopo moja. Mama Cibalonza akapitisha kijiti, akamimina. Bunga ikakaa katikati ya ile beseni kama kisahani. Adélaïde akatazama upande mwingine. Akangoja. Akangoja sana.

"Mama, umenisahau?"

"Sikukusahau, Adé."

"Beseni iko inangoja."

"Naiona. Nilitia kidole mu kitabu ya bwana yako."

"Bwana yangu iko ku ofisi. Mimi niko hapa, na batoto sita."

"Njo kusema umuambie yeye," Mama Cibalonza akasema, na sauti yake haikuwa ya kugombana. Ilikuwa ya mutu mwenye kuumwa jino. "Mimi nikikupa, natoka hapa."

Adélaïde akabeba beseni akaenda kwa Nsimire, akanunua nusu kopo ingine na pesa ya majani ya muhogo. Nsimire, ambaye dakika moja mbele alikuwa ametoa matabishi kwa mutu mwingine, akapangusa kopo na kiganja, ikawa sawa.

"Na wewe?" Adélaïde akauliza.

"Mukono yangu imepandishwa cheo, mama. Haigusi tena bunga bila ruhusa ya ofisi."

Akaenda kwa mama wa tatu, wa ine. Hakuna mutu aliyeita mukutano, hakuna aliyemukonyeza mwenzake, lakini kila fasi alipofika kopo ilikuwa sawa kama meza. Mwishowe akafika kwangu kwa sambaza ya kutia ladha. Nilimupimia, kiisha nikaondoa samaki mbili za juu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, lakini niliziondoa. Sitasema kama nilikuwa shujaa. Niliziondoa sababu wote waliondoa.

Siku ya ine, kutoka asubui, wamama walipanga mustari ku ofisi. Citoyen Bisimwa aliwaza wamekuja kulipa, akafungua sanduku. Walikuja kutia vidole. Mpaka saa sita kitabu kilikuwa kimejaa vidole vya wamama, na sanduku lilikuwa na bic moja ya kuandikia na mukate wake.

Kutoka saa ile, mu Soko ya Mawe matabishi ilikufa. Na wanunuzi, waliokuwa wanatutukana sisi, wakapanda juu kidogo, mpaka kwa mulipishaji. Citoyen Bisimwa akipita mu barabara ya Cimpunda, watu walimuambia, "Papa, uturudishie mukono yetu." Muzee mumoja wa Legio ya Maria ya kanisa akamusimamisha, akavua kofia, akamuuliza kwa heshima pumuzi nayo itapimwa siku gani, ili ajitayarishe.

Siku ya tano asubui alikuja kwetu. Alikuja bila Kifaransa. Alikuwa na kitabu chini ya kwapa moja, na chini ya ingine, kwa kificho ambacho abacost haikutosha kuficha, ile beseni.

Wakati ule Mama Cibalonza alikuwa hajapata hata nusu ya pesa ya première. Mara mbili asubui ile Apolline alikuwa amepita, na mara ya pili alikuja na kamba, akapima upana wa fasi. Yeye alikuwa na kipimo kizuri.

"Mama, jambo," citoyen Bisimwa akasema. "Nimewaza. Mukono inaweza kupunguka. Na hii maisha."

"Inaweza," Mama Cibalonza akasema.

"Tupime tena."

Akatoa mètre ya Edouard. Akamukunja vidole yeye mwenyewe, kimoja kimoja, kama mutu anayefunga mutoto nepi, akapima kilichobaki. "Kumi na munane. Troisième. Utalipa kidogo sana." Akaandika. Watu walikuwa wamesogea. Mu soko watu wanasogea kama bunga inayomwagika, hauoni mwenye kuanza. Akatupa macho huku na kule, kiisha akaweka beseni chini, mbele ya gunia, na kuisukuma na muguu.

"Na kale kadogo ka juu," akasema. "Adélaïde ameniambia nisirudi bila."

Mama Cibalonza akatia mukono mu gunia. Ule mukono, baada ya siku tatu. Ukatoka umejaa, bunga inaanguka mu mapengo ya vidole, akausimamisha juu ya beseni. Hakuufungua.

"Citoyen, hii ni nini?"

"Ni bunga."

"Umeinunua?"

"Hapana."

"Basi ni nini?"

Citoyen Bisimwa akatazama beseni. "Ni matabishi," akasema.

"Andika."

"Niandike nini, Mama?"

"Andika jina yako, na tarehe, na mukono moja. Nilitia kidole kama sitoi. Nikikupa bila kuandika, kesho Apolline atakaa hapa, na mimi nitakaa ku takataka."

"Aandike na catégorie," Nsimire akasema kutoka kwake. "Hii anapokea ni première ao ni troisième? Isije ofisi ikaibiwa."

Watu wakacheka. Citoyen Bisimwa hakucheka. Alifungua kitabu juu ya goti, akatoa bic, akafika ku ukurasa wa Mama Cibalonza, wenye ile vingt-neuf iliyokatwa na ile dix-huit pembeni, na kile kidole cha mistari mbili. Bic ikabaki juu ya karatasi bila kuigusa. Mukono wa Mama Cibalonza nao ulibaki juu ya beseni. Bunga ikawa inaanguka kidogo kidogo, na nilimuona mwanaume yule anafuata na macho kila kidogo kinachoanguka.

Kiisha akarudisha bic mu mufuko. Akashika ule ukurasa, akaupasua, akaukunja mara ine, akamupa ku mukono wa kushoto.

"Hauko tena mu kitabu," akasema.

Mama Cibalonza akafungua mukono.

Nsimire alikuwa ameshasimama na kopo yake. "Papa, mimi niko ukurasa wa tatu," akasema. "Nakuchotea sasa, ao nikungojee?"

Saa sita beseni ilikuwa imejaa mpaka juu na ikafunikwa na kikwembe cha kuazima, na kitabu kilikuwa jalada tu. Ukurasa wangu ulikuwa karatasi nzuri, nzito. Nilifungia mutu sambaza ndani yake.

Siku ya posho, kiisha Salongo, tukiwa bado na mifagio na majembe ya kazi ile ya lazima, chef wa soko alikuja. Nyuma yake alikuja Apolline, na meza ku kichwa. Mama Cibalonza alikuwa fasi yake, chini ya mabati, na kopo. Hakuwa amelala usiku ule. Martine aliniambia.

"Citoyen Bisimwa," chef akasema, "soma majina ya wasiolipa."

Citoyen Bisimwa akafungua jalada. Akalitazama muda murefu, upande wa kuume, upande wa kushoto. Kifaransa yake ikamurudilia.

"Chef," akasema, "d'après le registre, vile kitabu kinasema, mu soko hii hakuna mutu mwenye mikono."

Chef akamunyanganya jalada. Akaligeuza. Akalitikisa, na uzi mumoja ukaanguka. Kiisha akatutazama sisi wote. Hatukuficha kitu. Nsimire alikuwa anashona gunia. Mimi nilikuwa namufunga Noëlla vizuri mu mugongo. Mama Cibalonza alikuwa anapiga kopo chini, mara mbili, bunga ishuke.

Chef alisema ataandika barua. Alisema bila kitabu hakuna liste, na bila liste hawezi kutoa mutu hata mumoja, lakini barua itaandikwa. Sijui kama iliandikwa. Ile tunayojua ni hii: citoyen Bisimwa alikatwa mushahara wa mwezi moja, akabaki na miezi tatu ya kutolipwa pahali pa ine. Adélaïde alisema walau sasa deni ya serikali imepunguka.

Chef alipoenda, Apolline akabaki amesimama pale, na meza ku kichwa.

"Tua kwanza," Mama Cibalonza akamuambia. "Utavunjika shingo. Umekula?"

"Bado."

Akatua. Akatazama mabati, kiisha akatazama gunia. Akatoa pesa mu kona ya kikwembe.

"Kopo moja," akasema. "Ni bei ya jana?"

"Hapana. Imepanda tangu asubui."

"Tena?"

"Lori ya Sange ilifika."

Apolline akaongeza pesa. Hakuwa na beseni, akatandika kikwembe. Mama Cibalonza akachota, akafanya kilima, akamimina. Apolline hakuondoa kikwembe. Akatazama upande mwingine, kule barabarani, kama mutu asiyengoja kitu.

Mama Cibalonza akatia mukono mu gunia.